Mkono wa Kulia wa Fundi Gelle

“Mfanyakazi huyu, alipoamriwa na askari mwenye bunduki kuinua mikono yote miwili, aliinua mmoja tu. Mtu wa namna hii hawezi kupewa kibali cha kusafiri.”

Maneno hayo yamepigwa taipu, yakagongwa mhuri, na nakala yake ikaletwa karakana yetu wiki iliyopita. Ndiyo jibu la ombi la Fundi Gelle Abdow la kurudi kwao Rhamu. Sentensi ya kwanza ni kweli. Ya pili ni upuuzi. Aliyeziunganisha hakujisumbua kuuliza swali moja tu: ule mkono mwingine ulikuwa unafanya nini?

Tutamjibu hapa hapa, katika karatasi hii ya kuagana, kwa sababu barua zetu hazijibiwi.

Kwanza mambo ya sherehe. Fundi Gelle, msimamizi wa mafundi wa karakana ya barabara hapa Garissa, anastaafu Alhamisi tarehe 31 Agosti 1967, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi. Tutakutana uani saa nane mchana na kutawanyika saa kumi na moja kamili, ili kila mtu awe ndani kabla ya kafyu. Wenye hotuba ndefu wazikate. Mbuzi watapikwa na Mama Qali, ambaye mtamsoma hapa chini.

Gelle aliingia kazini mwaka 1934, akiwa na miaka ishirini na miwili, kubeba maji ya rejeta katika malori ya njia ya Wajir. Mbeba maji alilala juu ya mzigo, na injini ilipoanza kulalamika alijua ataamshwa. Anasema huko ndiko alikojifunza kusikiliza. Katika vita vya Mtaliano alishika spana kwenye karakana za jeshi, akarudi fundi kamili. Tangu hapo magari yetu yana majina. Lori la kokoto ni Mama Mkwe, kwa kuwa haliamki mapema na halikaripiwi. Greda ni Kadhi, kwa kuwa linakwenda polepole na mbele yake wote wanakuwa sawa.

Wanaokumbuka mafuriko ya mwaka 1961 wanalikumbuka Kadhi likiwa ndani ya maji ya Tana hadi shingoni. Amri ilikuwa liachwe. Gelle aliliacha, lakini kabla ya kuliacha alifungua dinamo na pampu ya dizeli, akazifunga katika ngozi ya mbuzi na kuzitundika juu ya mgunga. Siku kumi na moja baadaye maji yalishuka, naye akapanda mti. Kabla ya wiki kuisha, Kadhi lilikuwa linatengeneza barabara ile ile ambayo wakubwa walikuwa wakiitumia kuja kuandika ripoti ya kupotea kwake.

Huyo ndiye mtu anayeambiwa haaminiki. Sasa tuje kwenye pikipiki.

Desemba mwaka jana, katikati ya Ramadhani, lori la dawa lililokuwa likienda Kotile, kando ya mto Tana, lilikanyaga bomu lililofukiwa barabarani. Dereva wetu Bishara tulimzika alasiri ya siku ile ile. Tangu hapo hakuna dereva aliyekubali njia ile, na sitamlaumu hata mmoja. Mimi mwenyewe, karani wa karakana, nilikuwa nikivuka uani kuelekea stoo nikitazama ninapoweka mguu. Lakini kule Kotile watu walikuwa wamekusanywa kwa amri ya serikali katika kijiji kimoja, kibanda kikigusa kibanda, na surua ilikuwa imeingia kwa watoto.

Baada ya Idi, Kerrow, dresa wa hospitali, mfunga vidonda na mgawa dawa, mtu mwembamba asiyejua kukaa kitini, aliingia karakana na kusimama mbele ya Gelle.

“Adeer,” alisema, kama wanavyomwita mzee aliye kama baba mdogo, “nipe kitu cha magurudumu mawili. Magurudumu manne yanataka barabara, na barabara ndiyo inaua. Mimi nitapita njia za mbuzi.”

“Una baiskeli.”

“Miiba iliila kabla ya maili kumi. Nilirudi nimeibeba, watu wakanicheka.”

Mjini kulikuwa na pikipiki moja tu ambayo haikuwa ya wenye bunduki. Ilikuwa ya marehemu Hared, mbeba barua wa zamani, aliyeinunua mwaka 1946 katika mabaki ya jeshi. Hared alifariki mwaka 1951. Mjane wake, Qali, aliifunika kwa mikeka uani kwake, na hapo ilikuwa imelala miaka kumi na sita.

Tuliisukuma hadi karakana. Gelle alikanyaga kiki. Mguu wake ulisimama kama amekanyaga jiwe. Injini ilikuwa imeshika. Akafungua plagi, akatia kidole ndani, akakinusa, kisha akakiramba.

“Iliki,” alisema.

Mafundi wote walikusanyika. Mama Qali, aliyekuja nyuma ya mali yake, alijifunika uso kwa shashi.

“Nilijaza samli,” alisema. “Hared amekufa, mimi najua nini ya injini? Nyama ukitaka isioze, unaifunika na samli. Nikafanya hifyo.”

“Eeddo! Shangazi! Hii si nyama ya nyirinyiri!” Gelle alisema.

“Wewe umekula nyirinyiri yangu miaka ishirini, Gelle. Siku moja ilikuoza tumbo?”

Tulicheka mpaka Mursal, fundi wa pili, akakaa chini. Kilikuwa kicheko cha kwanza karakana tangu tumzike Bishara. Kisha Gelle akauliza: “Uliweka chumvi?” Mama Qali aliweka, kidogo, kama anavyoweka siku zote. Samli ilikuwa imegeuka gundi, chumvi ikala chuma, na pistoni ikashikana na ukuta wa silinda kana kwamba zimezaliwa pamoja.

Mursal alileta nyundo na kipande cha mti.

“Warya Mursal, weka nyundo chini,” Gelle alisema. “Hii ni bistoni, si kigingi ya hema. Ukibiga, inabasuka, na Garissa yote haina ingine.”

Ilichukua wiki nne. Kila siku baada ya saa kumi alimimina kwenye tundu la plagi mafuta ya taa yaliyochanganywa na dizeli, akaiacha inywe. Kesho yake aliyamwaga yote, akafuta mpaka pakakauka kabisa, ndipo alipochukua chetezo cha Mama Qali, kile cha kufukizia ubani, akakijaza makaa na kukizungusha polepole nje ya silinda. Hakutaka moto wa tochi ya kuchomelea, unaochoma upande mmoja na kuacha mwingine. Alitaka joto la kuenea. Samli ilianza kutoka, kahawia, ikinuka kama jiko la arusi. Kisha aliweka gia ya juu na kulishika gurudumu la nyuma kwa mikono miwili, akalisukuma mbele, akalivuta nyuma, bila nguvu, mara mia. Halikusogea. Akafunika, akaenda nyumbani. Kesho tena.

Nawaomba msomao mkumbuke wiki hizo zilikuwaje. Kila Landrova iliyopunguza mwendo nje ya ua ilitufanya tuivutie pikipiki turubai, ingawa hatukuwa na la kuficha, na kisha tukaogopa kwa sababu tumeivutia turubai. Rage, mwenye duka la mkabala, alichukuliwa na askari kwa sababu ya redio mbovu aliyoifungua mezani mwake. Alirudi wiki ya tatu. Hatukumuuliza kitu, naye hakutueleza, na mpaka leo hafungui hata saa ya ukutani. Karakana iliandika barua tatu kueleza kwamba tuna pikipiki, ni ya nani, na inatengenezwa kwa ajili ya nani. Niliziandika mimi, nina nakala zake. Hazikujibiwa. Iliyojibu haraka ni pori, yaani wapiganaji waliojificha humo. Mchuuzi wa ngamia alimwambia Gelle kwa sauti ya chini, akitazama pembeni, kwamba pikipiki itakayombeba mtu wa serikali itachomwa pamoja na mpanda wake na fundi wake.

Kwa hiyo wale wanaouliza alikuwa akimtengenezea nani wangeanza kwa kuuliza ni upande gani ambao haukumtisha. Jioni hiyo nilimwona akishindwa kufunga kifungo cha shati. Kesho yake saa kumi alikuwa pale pale, chetezo mkononi.

Siku ya ishirini na sita gurudumu lilisogea upana wa ukucha. Lilitoa mlio kama mguu unaochomolewa kwenye matope. Gelle alilirudisha nyuma, akalisukuma mbele. Ukucha ukawa kidole, kidole kikawa kiganja, na kabla jua halijafika kwenye ukuta injini ilikuwa imezunguka duara zima. Ringi mbili zilivunjika zilipotolewa, naye akachonga nyingine kutoka za pampu ya maji iliyokufa. Akasugua silinda kwa msasa mpaka ikang'aa. Akasafisha kabureta kwa unyoya wa kuku.

Hapo ndipo woga wenyewe ulipoanza.

Injini ya namna hiyo, iliyolala miaka kumi na sita na kufungwa upya kwa ringi za kuchonga, haiwaki kimya kimya. Hupiga mshindo kwenye bomba la moshi, mara moja, mbili, hata tatu, kabla ya kutulia. Mahali pengine watoto wangecheka. Lakini huu ulikuwa Februari 1967, Garissa, na mlio kama wa bunduki ulikuwa utoke ndani ya ua wenye Wasomali kumi na wanne. Kila mmoja wetu alijua kitakachofuata.

“Tuibeleke borini,” Mursal alisema hatimaye.

“Borini ndiyo watajua kabisa ni bunduki,” Gelle alijibu.

“Basi tufunike magodoro.”

Gelle alitikisa kichwa. “Nikificha mlio, watautafuta. Ngoja. Mimi nitawabelekea.”

Jumamosi tarehe 18 Februari, saa nne asubuhi, jua likiwa jeupe na kila mtu akiweza kuona, Gelle aliisukuma pikipiki peke yake hadi lango la kambi ya askari. Alikataza mtu yeyote asimsindikize. Mimi na Mama Qali tulisimama mbali, kwenye ukuta wa soko, naye alikuwa amenishika mkono wa shati kwa nguvu kiasi kwamba ulichanika mshono. Mikono yote miwili ya Gelle ilikuwa juu ya usukani, mahali pa kuonekana. Alitembea taratibu kama mtu aliyebeba maziwa.

“Simama hapo hapo!” Koplo wa zamu alitoka na askari watatu. “Hiyo ni nini?”

“Bikibiki, afande. Imekufa miaka kumi na sita. Leo inaamka.”

“Na umeileta kwangu kwa nini?”

“Kwa sababu ikiamka itabiga kelele kama bunduki. Nimetaka nyinyi musikie kwanza, hapa, mukiona. Halafu musibige watu huko mjini.”

Koplo aliitazama pikipiki, kisha mwenye kuisukuma. “Mzee, wewe ni mwendawazimu?”

“Bado, afande. Nikikanyaga mara ishirini isiwake, nitakuwa.”

Askari mmoja alicheka. Koplo hakucheka, lakini alisema, “Piga.”

Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Hadi ya sita tulisikia chuma tu kikigugumia. Ya saba ikapasuka. Njiwa waliruka kutoka juu ya msikiti. Askari wawili walilala kifudifudi mchangani, na yule aliyekuwa akicheka alikoki bunduki na kuielekeza kifuani mwa Gelle. Mshindo wa pili ukaja. Nikasikia Mama Qali akisoma shahada kwa niaba ya Gelle. Kisha, katikati ya moshi, injini ikaanza kudunda, vibaya, kwa kusitasita, lakini ikidunda.

“Mikono juu!” Koplo alipiga kelele. “Mikono juu!”

Gelle aliinua mkono wa kushoto.

“Yote miwili!”

“Afande, huu ndio umeshika mafuta! Nikiachia inakufa, na ikikufa lazima nibige tena bunduki hii mara ya bili! Unataka tena?”

Huo ndio mkono wa kulia, enyi mnaoandika ripoti. Ulikuwa juu ya mpini wa mafuta, ukiipa uhai injini ambayo watoto wa Kotile walikuwa wakiisubiri bila kujua. Bunduki ilikuwa hatua nne kutoka kifuani mwake. Kuuinua mkono ule kungekuwa rahisi kuliko kitu chochote duniani. Kidole cha askari kilikuwa kimeshagusa mahali pake. Nimesoma vitabu vingi vinavyoeleza ushujaa, na wengi wa waandishi wake hawajawahi kumwona mtu akitokwa na jasho namna ile. Alikuwa anaogopa. Mkono tu ndio haukutikisika, kwa sababu ungetikisika injini ingezima.

Ripoti inaishia hapo. Aliyeiandika hakuwako langoni. Aliambiwa, na aliyemwambia aliacha kusimulia katikati. Sisi tuliokuwako tunaendelea.

“Basi njoo ushike wewe,” Gelle alimwambia koplo, “mimi niinue.”

Koplo alitazama nyuma, akawatazama waliolala mchangani, kisha akateremsha silaha yake na kutembea hadi kwenye pikipiki. Gelle akauchukua mkono wake, akauweka juu ya mpini, akaubana kidogo, akausogeza.

“Bole bole. Sikiliza. Ikilia, mube mafuta. Ikinguruma, munyime. Hifyo. Umejua.”

Na koplo akashika. Ndipo Fundi Gelle Abdow alipoinua mkono wake wa kulia, akauweka sambamba na wa kushoto, akasimama mikono yote miwili juu mbele ya kambi nzima, mafuta meusi yakimtiririka hadi kwenye viwiko, huku injini ikiendelea kudunda katika mikono ya serikali. Alisimama hivyo mpaka ikapata moto na kutulia. Koplo ndiye aliyemwambia ashushe. “Shusha, mzee, utachoka.” Siku ya tatu koplo huyo alipita karakana kuuliza hali ya “mgonjwa wake”. Sasa amehamishwa. Mkitaka ushahidi, mtafuteni huko aliko; siyo sisi tuliokosa kumwuliza.

Kerrow aliondoka Jumatatu alfajiri na masanduku mawili ya dawa, akipita njia za mbuzi kando ya mto. Alirudi siku ya nne, midomo imepasuka, akalala saa kumi na tano. Amekwenda mara nane tangu hapo. Si watoto wote waliopona. Wengi walipona. Zeinab, mkunga wa Kotile, alituma kibuyu cha samli kwa Gelle pamoja na ujumbe: haina chumvi, mnaweza kuitia popote. Kerrow bado anakwenda, na kila anapokwenda karakana nzima inafanya kazi kwa sikio moja, tukingoja kusikia ule mdundo ukirudi kutoka upande wa mto. Gelle huusikia kwanza. Huinua kidole kabla yetu sote, kisha huendelea na kazi kana kwamba hakuwa akingoja.

Kuanzia Ijumaa hatakuwapo kuinua kidole. Na hapa ndipo penye woga wetu wa leo. Alhamisi jioni kadi yake ya kazi inakoma, na nyumba ya karakana anairudisha. Ijumaa asubuhi atakuwa mtu asiye na kadi, asiye na nyumba, asiye na kibali, katika mji ambao mnajua mtu wa namna hiyo hupelekwa wapi akikutwa njiani. Dada yake, Rahmo, ana shamba la vitunguu na ndizi kando ya mto Daua, kule Rhamu. Hawajaonana tangu mwaka 1963. Barua yake ya mwisho, iliyochukua miezi miwili kufika, inasema mashine ya kuvuta maji imeshika na ndizi zinakauka, na kwamba amewakataza watu wote wa Rhamu wasiiguse kwa nyundo mpaka kaka yake afike.

Fundi Gelle, wenzako wanakushukuru. Umetufundisha kusikiliza kabla ya kugonga. Mursal ameiweka nyundo yake rafu ya juu kabisa, na chetezo cha Mama Qali kimebaki karakana, yeye mwenyewe amekataa kukirudisha. Mungu akupe afya, akupe maji ya Daua, na akupe miaka mingi ya kuamka bila mtu kukuamsha.

Sasa nanyi wawili. Wewe uliyetia sahihi barua ile, na wewe uliyeigonga mhuri. Mmealikwa Alhamisi, viti vyenu viko safu ya mbele, na nyama mtakula. Msafara wa malori wa Wajir na Mandera unaondoka Jumamosi tarehe 2 Septemba saa moja asubuhi, na nafasi moja juu ya Mama Mkwe imeachwa wazi. Msije na saa ya ukutani ya zawadi ya kustaafu, msije na hotuba. Njooni na kibali cha Rhamu, kimeandikwa jina lake, kimetiwa sahihi, na ile karatasi ya nusu uongo iwe imetolewa kwenye faili lake. Simameni mbele yetu sote mumpe.

Mpeni katika mkono wa kulia.